Mvumbika Changa Hula Mbovu: Habari ya Zege na Mvuke

Katika sehemu zetu za Kibabii, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Bungoma na Kitale, fedha za mahindi au za miwa zikiisha kupokelewa ndipo mtu huanza kuwaza habari ya kujenga. Mmoja ataka nyumba ya kudumu, mwingine tangi la maji, mwingine sakafu ya zizi la ng'ombe wa maziwa. Tena mahali penye chuo kikuu, kama hapa Kibabii ambapo chuo kilipewa hati yake mwaka 2015, pana wanafunzi watafutao vyumba, na mwenye kiwanja hupenda kuwajengea. Kazi hiyo hufanywa zaidi wakati wa kiangazi, tangu Desemba hata Februari, kwa maana kila mtu ataka paa liwe limekwisha kuezekwa kabla mvua za Machi hazijaanza. Kwa hiyo kila kitu huenda mbio.

Natuutwae mfano mmoja, ambao huenda msomaji ameuona kwa macho yake mwenyewe. Mkulima amwendea fundi afyatuaye matofali ya saruji kando ya barabara itokayo Bungoma kwenda Chwele. Amwuliza, "Fundi, matofali haya umeyafyatua lini?" Fundi ajibu kwa heshima, "Mzee, ni ya juzi. Lakini yaguse mwenyewe. Jua limekuwa kali, nayo yamekauka kabisa." Mzee ayagusa, aona ni kweli yamekauka, atoa fedha zake. Gari laja, na ukuta wapandishwa wiki hiyo hiyo. Baada ya miezi michache pembe za matofali zamong'onyoka kwa kidole, ukuta wafanya ufa juu ya dirisha, na mzee asema, "Yule kijana ameniibia saruji."

Yawezekana kabisa kwamba hakuibiwa saruji hata kijiko kimoja. Saruji ilitiwa kwa kipimo cha haki, mchanga ulikuwa safi, na fundi alifanya kazi yake kwa bidii. Vitu vilivyokosekana ni viwili visivyouzwa dukani, yaani siku na unyevu. Na neno lililowaponza wote wawili ni lile moja: "yamekauka."

Makala hii yataka kueleza jinsi zege linavyopata nguvu zake katika siku za kwanza; jinsi wenye viwanda wanavyoweza kulipa kwa mvuke nguvu za juma zima kwa muda wa usiku mmoja; bei wanayolipa kwa haraka hiyo; na mambo ambayo mkulima wa Kibabii asiye na boila aweza kujifunza katika habari hiyo.

KUGANDA SI KUKAUKA

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Saruji ikichanganywa na mchanga na kokoto na maji, twaita zege. Ikichanganywa na mchanga na maji tu, bila kokoto, ni ule udongo wa saruji ambao waashi hujengea na kupigia lipu. Wataalamu wengi huuita mota, nasi tutaliita neno hilo hapa. Saruji ya namna tunayoitumia leo ilipatiwa hati na Mwingereza mmoja, Joseph Aspdin wa mji wa Leeds, mwaka 1824.

Watu wengi hudhani ya kuwa saruji huwa ngumu kama udongo wa matope uwekwao juani, yaani kwa kutokwa na maji. Sivyo. Udongo ukikauka huwa mgumu, lakini ukinyeshewa hurudi kuwa matope. Zege likiisha kuganda halirudi nyuma, hata likilazwa mtoni miaka mia. Sababu ni kwamba maji yale hayakukimbia, bali yaliungana na saruji na kufanya kitu kipya. Kila chembe ya saruji, ikilowa, huanza kuota vijiti vidogo mno visivyoonekana kwa macho, navyo husokotana na vijiti vya chembe za jirani na kuukamata mchanga na kokoto. Jinsi vijiti hivyo vinavyozidi kuwa vingi, ndivyo zege linavyozidi kuwa na nguvu.

Basi, maji ni chakula cha zege. Likikauka mapema, vijiti huacha kuota, ijapokuwa saruji nyingi ingali haijatumika ndani yake. Kwa hiyo tofali la siku mbili lililokaushwa na jua la Januari ni kama mtoto aliyeachishwa ziwa mapema mno. Kwa nje lafanana na matofali mengine. Lakini kwa ndani halikukua.

Ukuaji huu una mwendo wake. Zege la saruji ya kawaida, likitunzwa katika unyevu mahali penye joto la digrii 20 za sentigredi au zaidi kidogo, kwa kadiri huwa na sehemu 40 katika 100 za nguvu zake siku ya tatu, na karibu theluthi mbili siku ya saba. Siku ya 28 ndiyo ambayo wajenzi wa dunia nzima wamekubaliana kuihesabu kuwa siku ya kupimia. Hata baada ya hapo nguvu huendelea kuongezeka polepole, maadamu unyevu upo.

NAMBARI ILIYO JUU YA MFUKO

Msomaji aliyenunua saruji ameona nambari juu ya mfuko wa kilo 50, mara nyingi 32.5 au 42.5. Si wengi waulizao maana yake, nayo ni habari ya mota.

Mwenye kiwanda huchukua saruji sehemu 1, mchanga maalum sehemu 3, na maji nusu sehemu, vyote kwa uzito. Hufyatua vipande vidogo vya milimeta 40 kwa 40 kwa 160, huvitunza katika unyevu kwa digrii 20, kisha huvivunja kwa mashine ya kubana. Nambari 32.5 maana yake ni kwamba siku ya 28 mota hiyo ni lazima istahimili nguvu ya niutoni 32.5 juu ya kila milimeta mraba. Hiyo ni kama kutwika mzigo wa kilo 330 hivi juu ya kila sentimeta mraba moja.

Lakini tazama sasa habari ya siku za kwanza. Saruji ya 32.5 yenye herufi N, yaani ya mwendo wa kawaida, kanuni haitaki ipimwe siku ya pili kabisa. Yataka tu iwe imefika 16 siku ya saba. Hiyo ni nusu. Saruji ya 42.5 yenye herufi N yatakiwa iwe imefika 10 siku ya pili, na ile yenye herufi R, yaani ya mwendo wa haraka, yatakiwa iwe imefika 20 siku ya pili. Basi mzee wetu, ikiwa tofali lake lilifyatuliwa juzi kwa saruji ya 32.5, alinunua kitu ambacho hata kanuni ya serikali haimwahidi nguvu yoyote kwa siku hiyo.

Tena saruji nyingi ya bei nafuu katika Kenya huchanganywa na majivu ya volkeno yaliyosagwa. Mchanganyiko huo si udanganyifu. Umeruhusiwa na kanuni, na hufanya zege lizuri. Lakini majivu hayo ni mazito wa kuanza kazi. Hungoja saruji itangulie, ndipo nayo huingia kusaidia. Kwa hiyo mwenye kuitumia saruji ya namna hiyo yampasa kuzidisha siku za kulitunza zege, wala si kuzipunguza.

JOTO NA MVUKE

Sasa twaja kwenye swali la mwenye haraka. Je, hapana njia ya kuwahimiza vijiti hivyo waote upesi?

Iko. Joto huharakisha kazi ya saruji kama liharakishavyo kuumuka kwa unga wa mkate. Zege lililo katika digrii 40 hufanya kazi yake zaidi ya mara mbili ya mwendo wa lile lililo katika digrii 20. Katika digrii 60 huenda mbio zaidi. Lakini hapo pana mtego: joto hilo hilo ndilo likaushalo maji, nasi tumekwisha kuona ya kwamba zege likikosa maji hufa njaa. Ukilipasha zege moto mkavu, umeiharakisha kazi kwa mkono mmoja na kuizuia kwa mkono wa pili.

Ndiyo sababu watu wakautafuta mvuke. Mvuke una joto na maji pamoja. Mahali palipojaa mvuke zege hupata joto lakini halitokwi na maji yake, kwa kuwa hewa inayolizunguka imekwisha kushiba unyevu. Mvuke si mgeni kwetu. Kila atazamaye mabomba ya moshi ya kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoundwa mwaka 1975, ajua kwamba miwa hutengenezwa sukari kwa nguvu ya mvuke. Naye mama apikaye ndizi zilizofunikwa kwa majani ya mgomba, maji yakiwa chini tu ya sufuria, autumia mvuke kwa sababu ile ile: ziive upesi wala zisikauke.

Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, wataalamu wa Uingereza waliichunguza sana habari hii. Mmoja aitwaye Nurse aliandika mwaka 1949, na mwingine aitwaye Saul mwaka 1951, nao walipata hesabu rahisi ambayo hata karani wa kijijini aweza kuifanya. Walisema: chukua joto la zege kwa digrii za sentigredi, ongeza 10, kisha zidisha kwa muda. Jumla utakayopata ndiyo "ukomavu" wa zege. Mazege mawili ya mchanganyiko mmoja, yakiwa na ukomavu sawa, yatakuwa na nguvu karibu sawa, hata kama moja lilikaa siku chache kwenye joto na lingine siku nyingi kwenye baridi.

Hesabu hii ilitoka katika viwanda vya mvuke, lakini yatufaa hata sisi. Tuseme Kibabii joto la wastani, usiku na mchana, ni digrii 22. Ongeza 10, wapata 32. Kwa siku 7 ni 224. Tuseme tena kwamba ndugu yake mkulima huyo ajenga juu kwenye miinuko ya Mlima Elgon, mahali ambapo wastani ni digrii 12. Yeye kila siku apata 22 tu. Ili afikie 224 atahitaji siku 10 na zaidi kidogo. Fundi aliyezoea kuondoa mbao baada ya siku kadhaa Kibabii, akienda kufanya vivyo hivyo mlimani, atajitia hatarini bila kujua sababu.

Na saa moja ya mvuke wa digrii 60 yahesabiwa 70, ambapo saa moja ya hewa ya Kibabii yahesabiwa 32. Wataalamu waliofuata wameona kwamba joto kubwa hufanya kazi upesi hata kupita hesabu hii. Zege lililovukizwa vizuri laweza kuwa na nusu, hata theluthi mbili, ya nguvu zake za siku 28 kabla ya jua la pili kuchwa.

MVUKE VIWANDANI

Ni nani ahitajiye haraka ya namna hiyo? Ni yule ambaye kalibu zake ni za bei kubwa. Fikiri habari ya mtengenezaji wa mataruma ya reli. Kalibu ya chuma moja ikikaliwa na zege kwa siku 7, basi kwa siku 28 itatumika mara 4 tu. Ikiweza kufunguliwa kila siku, itatumika mara 28. Kwa hiyo asiye na mvuke atahitaji kalibu saba mahali ambapo mwenye mvuke ahitaji moja.

Nayo kazi ya reli ni kubwa mno. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, ina urefu wa kilometa zipatazo 470, na imelazwa juu ya mataruma ya zege yaliyotengenezwa humu humu nchini. Mataruma yakilazwa kila baada ya sentimeta 60, kilometa moja yahitaji zaidi ya 1,600. Katika kazi ya wingi kama huo, mahali pengi duniani, mvuke ndio utumikao ili zege la leo litoke kesho.

Mataruma hayo yana jambo jingine. Ndani yake mna nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu kabla zege halijamiminwa. Zege likiisha kuwa na nguvu za kutosha, nyaya huachiliwa, nazo zikitaka kurudi hulibana zege na kulifanya lisipasuke. Nyaya zikiachiliwa kabla zege halijawa tayari, zitateleza au kuliponda. Hapo nguvu za siku ya kwanza si jambo la faida ya fedha tu. Ni jambo la usalama wa abiria.

Mfaransa Eugène Freyssinet, ambaye mwaka 1928 alipata hati ya ujuzi huo wa nyaya zilizovutwa, aliutambua mapema umuhimu wa mvuke. Katika kiwanda kilichokuwa Montargis, Ufaransa, alifyatua nguzo za umeme za zege, akilipasha joto kwa mvuke ili ligande kwa muda wa saa chache. Leo nguzo za umeme za zege zaonekana mahali pengi katika Kenya, zikishika nafasi ya nguzo za miti; basi habari ya Freyssinet si ya mbali nasi kama mtu awezavyo kudhani.

HATUA NNE ZA KUVUKIZA

Wazee wetu walijua kuvumbika ndizi ili ziive upesi, nao walituachia mithali: mvumbika changa hula mbovu. Ndizi isiyokomaa ukiivumbika haiivi, bali huoza. Ajabu ni kwamba mithali hiyo ni kweli kabisa kwa zege. Ndiyo sababu kazi ya kuvukiza ina hatua nne, wala hapana hata moja iwezayo kurukwa.

Hatua ya kwanza ni kungoja. Zege likiisha kumiminwa, huachwa saa 3 hata 5 bila mvuke, mpaka lianze kushikamana lenyewe. Zege bichi lina hewa na maji ndani yake. Hewa ikipashwa moto hutanuka sana kupita mawe, na ikiwa zege halijapata nguvu ya kuizuia, itaacha matundu na nyufa. Huko ndiko kuvumbika changa.

Hatua ya pili ni kupandisha joto polepole, yapata digrii 20 kwa saa, wala si zaidi. Tukianza kwa digrii 22 za hewa ya Kibabii na kutaka kufika 62, tutatumia saa 2.

Hatua ya tatu ni kulidumisha joto hilo, mara nyingi baina ya digrii 55 na 65, kwa saa 6 hata 12.

Hatua ya nne ni kulipoza polepole vile vile. Zege la moto likitolewa ghafula kwenye upepo wa baridi, ngozi yake husinyaa ambapo tumbo lake lingali limetanuka, nalo hupasuka. Jambo hili ni la hatari zaidi kwa zege nene lenye kokoto kuliko kwa kipande chembamba cha mota, kwa kuwa joto huchelewa kuingia na kutoka katika kitu kinene, na kokoto na saruji havitanuki kwa kadiri moja. Ndiyo sababu majaribio ya mota, ingawa hufundisha mengi, hayatoshi kumthibitishia mtu habari ya boriti kubwa.

Ukizijumlisha saa hizo, 4 za kungoja, 2 za kupandisha, 8 za kudumisha na 3 za kupoza, wapata 17. Kazi yaanza asubuhi, na kesho yake asubuhi kalibu yafunguliwa.

BEI YA HARAKA

Msomaji aweza kusema, "Kama ndivyo, kila zege na livukizwe." Lakini haraka hii ina bei, nayo hulipwa baadaye.

Zege lililovukizwa hulipita la kawaida katika siku za kwanza. Hilo ni kweli. Lakini yakipimwa yote mawili siku ya 28 au baadaye, mara nyingi lile lililotunzwa kwa maji na joto la kawaida huwa na nguvu zaidi. Mwaka 1968 wataalamu wawili, Verbeck na Helmuth, walieleza sababu. Joto likiwa kubwa, vijiti vile huota kwa pupa na kurundikana karibu na chembe iliyovizaa. Hufanya ganda zito kuizunguka, maji hayapiti tena kwa urahisi, na nafasi zilizo mbali hubaki wazi. Vikiota polepole husambaa vizuri na kujaza kila pembe. Ni kama mbegu zilizomwagwa shimo moja na mbegu zilizopandwa kwa mistari.

Pia kuna mpaka ambao haufai kuvukwa. Zege likipashwa moto zaidi ya digrii 70 hivi katika siku yake ya kwanza, kemikali fulani iliyo ndani ya saruji haipati kufanya kazi yake kwa wakati wake. Huilalia, kisha baada ya miaka, zege likikaa mahali penye maji, huamka na kuvimba ndani ya zege ambalo limekwisha kuwa gumu. Ndivyo ilivyotokea kwa mataruma ya reli katika Ujerumani na Finland: yalitoka kiwandani yakiwa mazuri, nayo katika miaka ya 1980 yakagunduliwa kuwa yamejaa nyufa. Tangu hapo wahandisi wengi huandika katika mikataba yao kwamba joto la zege lisipite digrii 70. Hata wenye boila na vipimajoto na wataalamu waliadhibiwa kwa kuzidisha moto.

YATUPASAYO SISI

Je, fundi wa Kibabii ajenge chumba cha mvuke? Kwa matofali ya kawaida, hapana. Boila yenye shinikizo si chombo cha kuchezea. Sheria ya Kenya ya usalama kazini ya mwaka 2007 yataka ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Wala asije mtu akaziba pipa la mafuta, akalitia maji na kulichochea kuni. Pipa hilo litapasuka kama bomu. Tena kuni zenyewe ni ghali, na miti yetu si ya kuchomwa kwa ajili ya kupata siku tano.

Lakini maarifa ya mvuke yaweza kututumikia pasipo boila. Maarifa yenyewe ni haya: joto likiandamana na unyevu ni rafiki wa zege, joto bila unyevu ni adui yake. Basi fundi na afanye hivi. Afyatue matofali yake na kuyaacha kivulini saa chache mpaka yashikamane, naye akumbuke kwamba huko ndiko kungoja. Kisha ayanyunyizie maji, ayafunike kwa karatasi ya plastiki pande zote, na kuikandamiza kwa mawe ili upepo usipite. Sasa jua likiwaka juu ya plastiki, hewa ya ndani itapata joto na kushiba unyevu. Jua lile lile lililokuwa likiua matofali yaliyo wazi sasa litayalea. Asiye na plastiki atumie magunia yaliyolowa au majani ya mgomba, ayamwagie maji asubuhi, adhuhuri na jioni. Afanye hivyo kwa siku 7 zisizopungua, na kwa saruji yenye majivu ni heri ziwe 14. Kisha ayaandike tarehe kwa chaki au rangi, kama mwenye duka aandikavyo bei.

Mwenye haraka ya kweli anazo njia nyingine nafuu kuliko mvuke. Anunue saruji ya 42.5 badala ya 32.5. Apunguze maji katika mchanganyiko, kwa kuwa maji yaliyozidi huacha matundu: kwa mfuko wa kilo 50, nusu ya uzito wake ni lita 25, ikihesabiwa pamoja na maji yaliyomo katika mchanga uliolowa. Maji ya kuchanganyia yawe machache. Maji ya kutunzia yawe mengi. Watu wengi hufanya kinyume.

Naye mwenye kujenga ghorofa, ambapo watoto wa watu watalala juu na chini, asitegemee kidole wala msumari. Na ayafanye mazege ya kupimia ya milimeta 150 kila upande, yavunjwe kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28. Miti ishikiliayo sakafu ya juu isiondolewe kwa kuwa fundi aihitaji kwa kazi nyingine. Desturi njema ni kungoja wiki 2 au 3, na neno la mwisho ni la enjinia.

Natumrudie mzee wetu. Kiangazi kijacho, akimwendea tena fundi wa barabara ya Chwele, asiulize kama matofali yamekauka. Na amwulize maswali matatu: "Yamefyatuliwa tarehe gani? Yalimwagiwa maji siku ngapi? Na saruji ni ya nambari gani?" Fundi mwenye majibu atastahili kulipwa zaidi kidogo, wala mzee asimnung'unikie bei, kwa maana siku alizozingoja ni sehemu ya mali anayoiuza. Na fundi akiona kwamba wanunuzi wanauliza tarehe, ataanza mwenyewe kuziandika.

Mwenye kiwanda kikubwa, akiwa na boila na kipimajoto, aweza kulivumbika zege kwa kipimo na kufaidika. Sisi wengine tunayo maji ya mto, majani ya mgomba na siku saba. Mvumbika changa hula mbovu. Na mvumilivu hula mbivu.